Herufi K katika Kisanduku cha Maoni

Mfumo wa zamani wa kompyuta wa maktaba yetu uliishi ndani ya seva moja iliyowekwa nyuma ya chumba cha magazeti. Kila mwaka ifikapo Agosti, upepo wa Dodoma unapovuma kutwa nzima na kupenyeza vumbi jekundu hata kwenye droo zilizofungwa kwa ufunguo, tulikuwa tukiifunika seva hiyo kwa kitenge, kisha baada ya saa moja tunaifunua kwa sababu imechemka. Tulifanya hivyo kwa miaka mingi bila kuona ajabu yoyote. Kampuni iliyotuuzia mfumo ilikuwa imeacha kupokea simu zetu zamani, leseni haikuweza tena kuhuishwa, na kompyuta mpya zilizoletwa kwenye dawati la uazimaji zilikataa kabisa kuufungua, kwa hiyo tukabaki na kompyuta mbili kuukuu ambazo hakuna aliyethubutu kuzizima siku ya Ijumaa kwa hofu kwamba Jumatatu zisingewaka.

Mimi ni mkutubi katika chuo kikuu kimoja hapa Dodoma, na wakati huo nilikuwa nikiongoza kitengo cha uorodheshaji. Chuo kilipoamua kwamba tuhamie mfumo wa Koha, na kwamba kazi ifanyike katika likizo ndefu kabla wanafunzi hawajarudi, nilikabidhiwa rekodi, na kijana mmoja wa TEHAMA akakabidhiwa seva. Tulidhani tumegawana kazi vizuri.

Koha si mgeni nchini, kwani vyuo kadhaa vimekuwa vikiutumia na wengi wetu tuliwahi kuuona kwenye semina. Ulianzishwa New Zealand mwaka 1999 kwa ajili ya maktaba za eneo la Horowhenua, ambazo zilihofia kwamba mfumo wao wa awali usingevuka salama mwaka 2000, na ukaanza kutumika huko Januari 2000. Ni programu huria, haina ada ya leseni. Jina lenyewe ni neno la Kimaori lenye maana ya zawadi, lakini ni zawadi inayomwachia aliyeipokea wajibu wa kutoa naye. Katika kikao cha bajeti neno zawadi lilisikika vizuri sana, na hilo la wajibu likapotelea mahali fulani kati ya meza kuu na viti vya nyuma, ndiyo maana fedha za kuwalipa watu wa kukagua vitabu rafuni hazikutengwa.

Kwa asiyefanya kazi hii, inafaa nieleze kidogo kinachohamishwa. Mifumo ya maktaba huelewana kwa mpangilio uitwao MARC, uliobuniwa katika Maktaba ya Bunge la Marekani miaka ya 1960 chini ya Henriette Avram, ambapo kila taarifa ya kitabu hupewa namba yake: mwandishi hukaa 100, jina la kitabu 245, ISBN, yaani namba ya kimataifa ya kukitambulisha kitabu, 020, mada 650, na katika Koha habari za kila nakala, yaani msimbopau wake (ile mistari inayosomwa na skana), sehemu ilipo na hali yake, hukaa 952. Mfumo wetu wa zamani haukufuata mpangilio huo. Ulikuwa na visanduku vyake vyenye majina yake, na kazi yetu ya kwanza ilikuwa kuchora jedwali la safu mbili, kushoto kisanduku cha zamani, kulia namba ya MARC kitakakohamia.

Jedwali lilikamilika ndani ya siku nne, isipokuwa kisanduku kimoja kilichoitwa Maoni. Humo mlikuwa na kila kitu. Mahali pengine paliandikwa “jalada limechanika”, pengine “zawadi ya ubalozi”, pengine namba ya simu ya mtu, na katika rekodi zaidi ya 300 paliandikwa herufi K peke yake. Nyingine zilikuwa na KK. Chache zilikuwa na M. Niliwauliza wenzangu waliokuwapo siku hiyo, na kila mmoja akainua mabega. Mmoja alikisia kwamba K ni Kiswahili, lakini nyingi ya rekodi hizo zilikuwa za vitabu vya takwimu na uhasibu vilivyoandikwa kwa Kiingereza. Nikaamua kwamba Maoni yasihamishwe. Uamuzi huo ulikuwa wangu, na ninausema hivyo kwa sababu katika ripoti rasmi tuliuandika kwa kauli ya kutendwa, kwamba “taarifa zisizo na matumizi ziliachwa”, kana kwamba ziliachwa na upepo.

Yaliyofuata yalituchukua wiki nyingi, na kosa kubwa kuliko yote katika wiki hizo lilitokana na programu ambayo kila mmoja wetu aliamini anaijua, yaani Excel. Tulitoa rekodi katika faili la maandishi, tukalibofya mara mbili, likafunguka katika Excel likiwa na safu zilizopangika vizuri, tukarekebisha majina ya wachapishaji, tukahifadhi. Hatukutambua kwamba Excel ikikuta tarakimu 13 mfululizo huzichukulia kuwa hesabu na kuzionyesha kwa ufupi wa kisayansi, na kwamba faili la aina ile likihifadhiwa, kinachobaki ni kile kilichoonekana kwenye kioo cha kompyuta. Tangu 1 Januari 2007 ISBN zina tarakimu 13, na vitabu vilivyochapishwa Tanzania hubeba namba za kundi 9976 au 9987 baada ya 978. Ukizifupisha namba hizo kwa namna hiyo, kila kitabu chenye 9976 huwa 9.78998E+12, na kila chenye 9987 huwa 9.78999E+12. Kwa maneno mengine, vitabu vyote vya nchi nzima vyenye ISBN ya tarakimu 13 viligeuka kuwa vitabu viwili.

Hatukuliona hilo katika jaribio la kwanza, kwa sababu rekodi 500 za mwanzo ziliingia kwenye mfumo mtupu, na mfumo mtupu hauna cha kulinganisha. Kundi la pili lilipoingia, Koha ulifanya tulichouagiza: ukatazama ISBN, ukakuta inafanana na iliyomo, ukahesabu kwamba ni kitabu kilekile na kukiongezea nakala. Jioni ile nilitafuta kitabu kimoja cha ushairi, nikakikuta kina nakala 60 na zaidi, zikiwamo za ufugaji wa nyuki, sheria ya ardhi na uuguzi. Kijana wa TEHAMA alicheka mpaka akatoka nje. Mimi sikucheka hadi kesho yake, tulipogundua kwamba faili tulilolitoa mwanzo kabisa lilikuwa bado lipo, halijaguswa, kwa sababu tu nilikuwa nimelituma kwenye barua pepe yangu nikiogopa umeme kukatika. Tukafuta kila kitu tukaanza upya, safari hii tukiingiza faili kupitia menyu na kuiambia Excel kwamba safu za ISBN na msimbopau ni maandishi, si hesabu. Hilo liliokoa pia sifuri za mwanzo za misimbopau yetu ya zamani, ambazo nazo zilikuwa zimeliwa.

Upande wa majina ya waandishi kazi ilikuwa ya polepole, lakini niliipenda. Mwalimu Nyerere peke yake alikuwa na sura saba katika katalogi yetu: Nyerere, J. K.; Nyerere, Julius; Nyerere, Julius K.; Nyerere, Julius Kambarage; Julius K. Nyerere; Nyerere, Mwl.; na mmoja aliyeandikwa chini ya herufi R kwa sababu mwandikaji alianza na cheo cha Rais. Mwanafunzi aliyebofya jina moja alipata vitabu viwili na kuondoka akiamini maktaba haina vingine. Wapo waliokuwa chini ya D kwa sababu ya Dkt., chini ya A kwa sababu ya Alhaji, na wapo wale ambao jina la baba na jina lao yamebadilishana nafasi kutegemea aliyeandika alitoka mkoa gani na alizoea nini. Kila uamuzi ulihitaji mtu wa kukaa na kitabu mkononi, kukifungua ukurasa wa ndani na kuamua. Kompyuta ilitusaidia kuona kwamba majina yanafanana, lakini haikuweza kutuambia kwamba ni mtu mmoja.

Picha za wanafunzi zilitusumbua kwa siku mbili kwa sababu ndogo ya kuchekesha: Koha ulitaka kila faili la picha liitwe kwa namba ya kadi ya mwanafunzi, na namba zetu za usajili zina mikwaju (/) ndani yake, ilhali jina la faili haliruhusiwi kuwa na mkwaju. Tukaibadilisha mikwaju kuwa vistari pande zote mbili, tukaendelea.

Tulifungua mfumo mpya wiki ambayo mvua za kwanza zilikuwa zikitishia bila kunyesha. Siku ya kwanza ilikuwa na mikwaruzo ya kawaida, kama skana moja iliyosoma msimbopau na kukataa kuendelea, na aina moja ya wasomaji ambayo hatukuiwekea kanuni ya kuazima, kwa hiyo wahadhiri wa muda wakaambiwa na mfumo kwamba hawaruhusiwi kitabu hata kimoja. Jioni tulipongezana. Mkuu wa maktaba alituletea soda.

Usiku huo, bila mtu yeyote kuwapo, seva ilitekeleza kazi zake za usiku. Koha umepangwa hivyo: usiku hupitia vitabu vyote vilivyochelewa, hukokotoa faini na kutuma ujumbe. Mfumo wa zamani haukuwa na tabia hiyo, kwani faini ilikokotolewa na mtu aliyekaa dawatini, mbele ya msomaji, na mtu huyo alikuwa na macho na kumbukumbu. Kwa kanuni yetu ya shilingi 500 kwa siku, na bila kikomo kwa sababu hatukukumbuka kukiweka, uazimaji ulioonekana haujafungwa kwa miaka mitatu ulizaa deni la zaidi ya nusu milioni kwa usiku mmoja. Barua pepe zikatoka kabla ya alfajiri.

Ilikuwa wiki ya kliaransi. Wahitimu walikuwa wakizunguka na fomu zao kutoka ofisi hadi ofisi kutafuta sahihi kabla ya mahafali, na maktaba ni moja ya sahihi zisizokwepeka. Saa tatu asubuhi foleni ilikuwa imefika kwenye ngazi. Aliyekuwa mbele ni binti aliyekuja kwa basi la alfajiri kutoka Manyoni, akiwa ameshika bahasha ya plastiki.

“Shikamoo mama,” aliniambia. “Nimeletewa ujumbe kwamba nadaiwa kitabu na laki tano. Kitabu kile nilikipoteza mwaka wa kwanza na nikalipa. Stakabadhi hii hapa.”

Nilitazama stakabadhi, nikatazama kioo. Kioo kilisema anadaiwa. Nikamwomba akae, nikaenda kwenye seva ya zamani, ambayo kwa bahati hatukuwa tumeizima, nikatafuta kitabu kile. Kwenye kisanduku cha Maoni palikuwa na herufi K.

Nilisaini fomu yake kwa mkono, na za wengine 20 na kitu waliofuata wenye stakabadhi, na kijana wa TEHAMA akazima kazi ya usiku ya faini. Lakini wapo waliofika bila stakabadhi, wakiapa kwamba walilipa, na wapo ambao nina hakika walikuwa wakijaribu bahati. Sikuwa na namna ya kuwatofautisha. Msaidizi mmoja wa muda mrefu ndipo akakumbuka kwamba dawati lile, kwa karibu miaka 15, lilikuwa la mzee mmoja aliyestaafu, na kwamba mzee huyo sasa analima zabibu Hombolo.

Tulikwenda Jumamosi, mimi na kijana wa TEHAMA, kwa daladala lililojaa hadi mlangoni. Tulimkuta kwenye mizabibu yake, akatusalimu kwa Kigogo, “Mbukwenyi,” kabla hatujawahi kumwamkia. Nilipomwamkia shikamoo, akaitikia, nikamwonyesha karatasi yenye herufi, akaishika mbali na macho kama wafanyavyo wasio na miwani karibu.

“K ni kalipa,” alisema. “Kapoteza kitabu, kalipa. Sasa ninyi mlidhani ni nini, mwanangu?”

Nikamweleza tulichofanya. Hakulaumu, ila aliuliza kwa utulivu kwa nini hatukumpigia simu, na namba yake ilikuwa kwenye daftari la idara. Kisha akaeleza. Mfumo wa zamani ulikataa kufunga uazimaji mpaka kitabu chenyewe kisomwe kwa skana, na kitabu kilichopotea hakisomeki. Aliripoti tatizo hilo kwa waliouuza mfumo mara tatu na hawakulirekebisha. Kwa hiyo aliacha uazimaji ukionekana wazi, akapokea malipo kwa utaratibu, na kuandika K ili yeyote atakayekaa dawatini asimdai mtu mara mbili. KK ilikuwa kalipa kitabu: mwanafunzi hakutoa fedha bali alileta nakala nyingine aliyoinunua, mara nyingi toleo jipya zaidi, na mzee akaipa namba ileile ya usajili ya kitabu kilichopotea ili hesabu ya daftari isivurugike. Alipotuambia hilo la pili nilihisi jasho, kwa maana lilimaanisha kwamba rekodi zote za KK zilieleza vitabu ambavyo havipo, huku kwenye rafu kukiwa na vitabu vingine vinavyojibu kwa namba hizo.

“M je?” niliuliza.

“Hiyo si yangu.”

Alitupa kikapu cha zabibu, tukarudi.

Kilichonikera zaidi wiki iliyofuata si kazi bali kugundua kwamba Koha, tangu siku ya kwanza, ulikuwa na mahali pa K. Katika orodha yake ya hali za vitabu vilivyopotea, inayokuja na mfumo wenyewe, mojawapo ni hali ya kitabu kilichopotea na kulipiwa. Mzee alikuwa amebuni kwa herufi moja kile ambacho mfumo mpya ulikuja nacho tayari, na mimi nilikuwa nimekaa katikati ya hivyo viwili nikakata kamba. Tulitoa tena kisanduku cha Maoni kutoka seva ya zamani, tukakiunganisha na rekodi mpya kwa namba ya usajili ya kitabu, K zote tukazipa hali hiyo na kufuta madeni yake. Tuliweka kikomo cha faini, tukaingiza sikukuu na siku ambazo maktaba hufungwa kwenye kalenda ya mfumo ili zisihesabiwe, na faini zikaanza upya baada ya wiki tatu, kwanza kwa majaribio ambayo hayakutuma ujumbe kwa mtu.

KK hazikuwa na njia ya mkato. Ilibidi twende rafuni na orodha, kitabu kwa kitabu, mmoja akisoma namba na mwingine akifungua ukurasa wa hakimiliki. Daftari la usajili wa vitabu, lile kubwa lenye jalada gumu ambalo baadhi yetu tulishapendekeza lipelekwe stoo, lilikuwa na maandishi ya mzee kwa penseli pembeni ya kila KK: toleo jipya, mwaka, na mara nyingine jina la duka. Bila penseli ile tungefanya kazi miezi, lakini kwa penseli ile tulimaliza kabla ya Krismasi.

Katika kusafisha huko tulilazimika pia kuamua juu ya taarifa za watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika 1 Mei 2023, na ndani ya Maoni mlikuwa na simu za wanafunzi waliohitimu zamani, za wazazi wao, hata maelezo ya ugonjwa wa mtu mmoja kama sababu ya kuchelewesha kitabu. Hayo hatukuyahamisha, na safari hii tuliandika ni nani aliamua, lini, na kwa sababu gani.

Binti wa Manyoni alihitimu. Alirudi kuchukua cheti chake na akapita maktaba kunisalimia, akauliza kwa utani kama ameshafutiwa laki tano.

Zimebaki M. Ziko 14. Aliyekuwa akikaa dawati la pili katika miaka hiyo, ambaye mzee anadhani ndiye aliyeziandika, alifariki kabla hatujaanza kazi. Tulivitafuta vitabu vyenyewe: 9 vipo rafuni, vizima, havina alama wala kasoro tunayoiona, 5 hatujaviona. Wenzangu wamependekeza mbovu, mpya, mwalimu, na mmoja amependekeza mengineyo. Nimeihamishia herufi hiyo kwenye kisanduku cha 952 kisichoonekana na wasomaji, kama ilivyo, na mbele yake nimeandika tarehe tuliyouliza na majina ya tuliowauliza.